Ndoa imevunjika, kibali cha kukaa kinategemea jina la mwenzako: niliyoyaona nikiwa mkalimani kwenye meza za mawakili

Mkalimani wa Zamu (mleta mada)

Wakuu, salaam.

Nina miaka 11 kwenye kiti cha katikati. Kulia kwangu wakili, kushoto mtu wetu na bahasha yake ya kaki imejaa karatasi zilizokunjwa mara nne, mimi kazi yangu kugeuza maneno. Kabla hamjanirushia mawe: mimi si wakili, na ushauri wa sheria sitoi, si humu wala inbox. Naandika nilichokiona tu, na visa (hivi vya kusimulia, si vile vya pasipoti) nimevichanganya makusudi ili asiwepo mtu wa kujitambua humu. Siri ya mteja inanibana na mimi.

Asubuhi naweza kuwa kwenye talaka, mchana kwenye uhamiaji. Imenitokea zaidi ya mara moja nikamkuta mteja wa asubuhi ndiye huyohuyo wa mchana, kwa wakili mwingine, jengo jingine, na wale mawakili wawili hawajuani hata kwa jina. Hapo ndipo watu wetu wanapoumia. Mtu anadhani ana kesi mbili. Kumbe faili la ndoa na faili la uhamiaji yanasomana. Tarehe uliyompa hakimu kwamba mlitengana inaweza kutua mezani kwa afisa wa uhamiaji. Anwani uliyoandika kwenye ombi la kibali inaweza kutolewa mahakamani na wakili wa mwenzako. Kila wakili anaangalia faili lake, anasema "saini hapa tumalize", na kwa upande wake hajakosea. Wa kuyaweka mafaili mawili kwenye meza moja ni wewe mwenyewe.

Sasa upande wangu, lugha. Neno linalotumaliza kuliko yote ni "tumeachana".

Mama mmoja aliulizwa hali yake ya ndoa, akajibu "tumeachana". Mkalimani aliyekuwepo siku hiyo (si mimi, ila ningeweza kuwa mimi) akageuza kwamba wamepeana talaka. Hakukuwa na talaka, mahakama haikuwahi kuwaona. Mama alimaanisha mumewe amehama nyumba tangu mwezi uliopita na hawaongei. Basi maneno yale yakaingia kwenye barua, barua ikaenda uhamiaji, na kibali chake cha mwenza kilikuwa kimesimama juu ya ndoa hiyohiyo. Kulisafisha neno moja kulichukua miezi. Tangu siku ile mtu akiniambia "tumeachana" nasimama, namwomba wakili ruhusa, nauliza: mna karatasi? Mnaishi nyumba moja? Mmegombana tu?

La pili ni saa. Mtu anasema "alinipiga saa mbili usiku". Mkalimani mzembe anaandika saa 2 za usiku wa manane kwa hesabu ya kizungu. Rekodi ya polisi inasema 20:00. Afisa anaona saa 6 za tofauti, anahitimisha kwamba shahidi anabadilika-badilika. Mtu kapigwa kweli, halafu anaonekana muongo kwa sababu saa zetu sisi za usiku zinaanza kuhesabiwa jua linapozama.

La tatu ndilo baya zaidi: "mtoto wangu". Tunamwita mtoto wa dada "mtoto wangu", baba mdogo "baba", binamu "kaka". Kwenye fomu ya kuunganisha familia, "mtoto" ni uliyemzaa au uliyemuasili kisheria, basi. Mtu anaandika watoto 4, kipimo cha vinasaba kinaleta 3, na badala ya wale 3 kuja, faili zima linatiwa alama ya udanganyifu. Hakuna aliyedanganya.

Na tafadhali, msiwageuze watoto wenu kuwa wakalimani wa talaka zenu. Nimemkuta binti wa miaka kama 10 akimgeuzia mama yake swali la kitanda gani baba alikuwa analala. Mnaweza kudai mkalimani. Mahakama nyingi wanamtoa bure, ukiomba mapema.

Nitaendelea. Karibuni.

---

Kigingi

Mkuu umeandika vizuri lakini mawakili mimi siwaamini. Nilijaza fomu zangu mwenyewe, nikalipa ada ya serikali, nikapata kibali. Wakili angenila hela kwa kazi ya kuandika jina na tarehe ya kuzaliwa.

---

Mkalimani wa Zamu

Kigingi, nakuunga mkono nusu. Kuhuisha kibali ambacho hakina doa, huku ndoa iko salama, watu wengi wanajaza wenyewe na inakwenda. Mimi ninapoona mtu anajichimbia shimo ni pale panapokuwa na moja kati ya haya: umeshawahi kunyimwa, una kesi ya jinai hata ndogo, kuna watoto mnaogombania, au kuna kipigo. Hiyo ya jinai watu wanaidharau. Unakubali kosa dogo ili uende nyumbani siku hiyohiyo, kumbe kwa uhamiaji ni kosa la kukufukuzisha. Marekani Mahakama ya Juu kabisa ilishaamua mwaka 2010, kesi ya Padilla dhidi ya Kentucky, kwamba wakili wa jinai analazimika kumwambia mteja wake mgeni kama kukiri kosa kutamweka hatarini kuondoshwa nchini. Ilibidi ifike huko juu ndipo iwe lazima.

Tena si lazima umkabidhi wakili kesi nzima. Unaweza kulipia saa moja akusomee fomu yako kabla hujaituma. Wengi hawajui kwamba hilo linawezekana, na ofisini hawalitangazi.

---

MamaWawili

Samahani naandika kwa kuiba muda. Mimi niko kwenye kibali cha mke. Mume alihama miezi 2 iliyopita. Wiki hii kanitumia hati ya makubaliano ya talaka kwa baruapepe, anasema nisaini kabla ya Ijumaa yaishe kwa amani. Ukurasa wa 3 imeandikwa tulitengana miezi 14 iliyopita. Si kweli, ila nikaona ni tarehe tu, nisimuudhi. Pasipoti yangu na za watoto anazo yeye. Nikigoma anasema atawapigia uhamiaji wanirudishe. Nisaini?

---

Kitinda Mimba

Dada USISAINI. Subiri wenye kujua waje.

---

Mkalimani wa Zamu

MamaWawili, swali moja tu: mara ya mwisho kuhuisha kibali ilikuwa lini, na mliandika nini?

---

MamaWawili

Miezi 8 iliyopita. Tuliandika wote wawili tunaishi pamoja. Tulikuwa tunaishi pamoja kweli.

---

Mkalimani wa Zamu

Basi wasomaji wote, rudini muisome ile tarehe tena. Hati inasema mlitengana miezi 14 iliyopita. Ombi la kibali, miezi 8 iliyopita, linasema mnaishi nyumba moja. Ukisaini hati hiyo, utakuwa umethibitisha kwa mkono wako kwamba uliwadanganya uhamiaji, na hukuwadanganya. Huyo bwana hana haja ya kumpigia mtu simu.

Dada, peleka hati kwa wakili wako mwenyewe kabla ya Ijumaa, na upeleke pamoja na nakala ya lile ombi la kibali. Kama kuna wakili aliyewafanyia kibali cha familia, usimwendee huyo. Aliwawakilisha nyote wawili, hawezi leo kusimama na mmoja dhidi ya mwingine, na akikubali basi huyo ndiye wa kukimbia.

---

Bwana Daftari

Mimi ni karani kwenye ofisi ya mawakili wa familia, niongeze kitu kuhusu hiyo tarehe maana haijaingia pale kwa bahati mbaya. Sehemu nyingi tarehe ya kutengana ndiyo inayoamua mali ipi ni ya ndoa na ipi ni ya mtu binafsi. Kama huyo bwana alinunua kitu au aliweka akiba katikati ya miezi 14 na leo, kuirudisha tarehe nyuma kunakitoa kwenye mgawanyo. Wakili wake huenda hajafikiria uhamiaji hata kidogo. Anapigania mali. Lakini risasi ni hiyohiyo moja, inapasua faili mbili.

Kuhusu kitisho cha "nitawapigia", inategemea uko nchi gani, ila si kweli kwamba ndoa ikifa mtu anafungashwa kesho yake. Nitaje ninazozijua:

Marekani, tangu sheria ya 1994 ya ukatili dhidi ya wanawake (jina linasema wanawake, wanaume nao wamo), mwenza wa raia au wa mkaazi wa kudumu aliyenyanyaswa anaweza kujiombea ukaazi mwenyewe bila mwenzake kujua. Na maafisa wanakatazwa kutumia maneno ya mnyanyasaji peke yake kumfanyia mtu huyo uamuzi mbaya. Kwa hiyo ile simu ya vitisho si silaha kubwa kama anavyodhani. Wale wenye ukaazi wa masharti wa miaka 2, ambao fomu ya kuondoa masharti hujazwa na wote wawili, wanaweza kuomba msamaha wa kujaza peke yao ndoa ikivunjika, mradi waonyeshe ilikuwa ya kweli.

Umoja wa Ulaya kuna maelekezo mawili (sheria za pamoja za nchi wanachama), watu huyachanganya. La 2003 linahusu familia za wageni wasio raia wa Umoja, na linataka nchi zitoe kibali cha kujitegemea pakiwa na mazingira magumu sana (Denmark na Ireland hazimo). La 2004 linahusu wenza wa raia wa Umoja waliohamia nchi nyingine ya Umoja: ndoa ikiwa imedumu miaka 3, 1 kati yake katika nchi hiyo, talaka haikuondolei haki ya kukaa, na kuna njia nyingine pia pakiwa na ukatili au ulezi wa mtoto.

Uingereza mwenza aliyenyanyaswa anaweza kupata kibali cha muda cha miezi 3, anaruhusiwa kazi na msaada wa serikali, wakati anajipanga.

Zote hizi zina masharti na mianya, sijaandika hata robo. Nimetaja ili dada ajue kuna mlango, auulizie kwa jina.

---

Kitinda Mimba

Na pasipoti? Mimi nilifikiri pasipoti ya mke ni ya mume kuitunza 😂

---

Bwana Daftari

Pasipoti kwa kawaida hata si yako wewe mwenye picha, ni mali ya serikali iliyoitoa. Mwenza hana haki ya kuishikilia, na kwingine ni kosa la jinai hasa ikiwa ni kwa lengo la kumdhibiti mtu. Njia ya haraka ni barua ya wakili. Ikishindikana ni amri ya mahakama, au ubalozi kwa kuripoti na kuomba nyingine. Dada, kama una picha ya ukurasa wa pasipoti popote kwenye simu, hata ile iliyotumwa WhatsApp mlipokata tiketi, ihifadhi leo.

Na badili neno la siri la baruapepe yako kabla hujamwandikia wakili.

---

MamaWawili

Neno la siri anajua yeye, ndiye aliyenifungulia. Nafungua nyingine.

---

Nahodha wa Nchi Kavu

Nimesoma yote kimya. Mimi niko upande wa pili, mke ndiye ananisumbua. Kibali changu kinaisha, ndoa imeshakwisha, mtoto ana miaka 6. Nina tiketi mbili tayari. Mtoto ni wangu, nina cheti cha kuzaliwa, jina langu limo. Naondoka naye, mambo ya mahakama tutajuana mbele. Kuna ubaya?

---

Bwana Daftari

Kuna ubaya mkubwa kaka. Usipande hiyo ndege kabla hujaongea na wakili.

Kuna Mkataba wa Hague wa 1980 kuhusu utekaji wa watoto kimataifa, nchi zaidi ya 100 zimo. Neno "utekaji" linawapoteza watu, wanadhani ni la majambazi. Asilimia kubwa ya wanaoguswa ni baba na mama wa mtoto mwenyewe. Mzazi akimtoa mtoto wa chini ya miaka 16 kwenye nchi anayoishi kwa kawaida, bila ridhaa ya mzazi mwenzake mwenye haki za ulezi, mahakama ya nchi alikopelekwa inatakiwa kuamuru arudishwe. Haiulizi nani mzazi bora. Hilo linaamuliwa hukohuko alikotoka. Uraia wa mtoto hauangaliwi, wala jina kwenye cheti. Kinachoangaliwa ni aliishi wapi.

Mzazi aliyeachwa akifungua ombi ndani ya mwaka 1, kurudishwa ndiyo kanuni. Mwaka ukipita bado anaweza kurudishwa, ila wewe unaweza kuonyesha kwamba mtoto ameshazoea makazi mapya. Kuna kinga nyingine: kwamba mwenzako aliridhia, kwamba kurudi kutamweka mtoto kwenye hatari kubwa, au mtoto mwenyewe aliyekomaa kiasi anakataa. Miaka 6 si rahisi asikilizwe kwa hilo la mwisho.

---

Nahodha wa Nchi Kavu

Na kama nchi ninayokwenda haimo kwenye mkataba?

---

Bwana Daftari

Hapo mama yake itabidi afungue kesi kwenye mahakama za huko, na mahakama itaamua kwa kuangalia maslahi ya mtoto. Kwako itaonekana umepata ahueni. Lakini huku ulikotoka unaweza kuwa na kesi ya jinai ikikusubiri, na siku ukiomba visa yoyote jambo hilo litafufuka. Marekani wanacho mpaka kifungu cha kumkatalia visa mtu anayemzuia mtoto nje dhidi ya amri ya ulezi ya mahakama ya kwao.

Njia iliyopo ni kuomba mahakama ruhusa ya kuhama na mtoto. Watu wanaomba na wanapewa. Unaonyesha atakaa wapi, atasoma wapi, ataonana na mama yake vipi. Na kwa vile kibali chako kinaisha, mwambie wakili siku ya kwanza kabisa, maana kesi ya ulezi inayoendelea inaweza kuwa na uzito kwenye ombi lako la kubaki. Nchi zilizoridhia Mkataba wa Haki za Mtoto wa 1989 zinatakiwa kuyatazama maslahi ya mtoto kwenye uamuzi kama huo pia. Haina maana utapewa, ila hoja ipo.

---

Nahodha wa Nchi Kavu

Tiketi haina kurudishiwa hela.

---

Kigingi

Kaka, bora upoteze tiketi.

---

Shangazi Mtulivu

Nami niweke langu, maana niliwahi kulia chooni kazini kwa ajili ya haya mambo.

Kuna mtu alinisaidia, sitamtaja. Si wakili, alijiita mshauri. Ofisi safi, ukutani vyeti vingi vyenye dhahabu. Alinisainisha fomu tupu, akasema ataijaza yeye jioni maana kulikuwa na foleni. Nikasaini. Mimi nilitaka kuhuisha kibali cha familia. Yeye akaandika ombi la hifadhi ya ukimbizi kwa jina langu, na hadithi ya mateso ambayo sijawahi kuyapata. Nililijua siku nimekaa kwenye usaili, afisa ananiuliza juu ya gereza. Nikamtazama. Gereza gani? Akageuza karatasi, akanionyesha saini. Ni yangu.

Nilipomtafuta yule mtu, jina lake halikuwa popote kwenye fomu. Sehemu ya aliyenisaidia kujaza ilikuwa wazi, kana kwamba nilijaza mwenyewe. Imenichukua miaka kueleza.

---

Mkalimani wa Zamu

Pole sana shangazi. Hiyo sehemu iliyo wazi ndiyo alama yao. Mtu anayekujazia kwa malipo halafu hataki jina lake lionekane, ondoka.

Nchi kadhaa zinaweka wazi nani anaruhusiwa. Uingereza kutoa ushauri wa uhamiaji bila kusajiliwa au kuwa wakili ni kosa la jinai tangu sheria ya 1999. Canada washauri wana chombo chao kinachowasajili tangu 2021. Marekani ni mawakili na wawakilishi wachache walioidhinishwa na serikali kupitia mashirika ya misaada. Orodha ziko wazi mtandaoni: andika jina la mtu kabla hujatoa hela, inachukua dakika 5. Cheti ukutani si kitu, hata mimi ninacho cha kukimbia gunia.

---

Chekeche

Swali la haraka. Ndoa ya dini bila cheti cha serikali inahesabika uhamiaji? Na mtu aliyepewa talaka kwa ujumbe wa simu anaweza kuolewa na kuomba kibali cha mume mpya?

---

Bwana Daftari

La kwanza: wanaangalia kama ndoa ilikuwa halali kwa sheria ya nchi ilikofungwa. Kama nchi hiyo inaitambua ndoa ya dini yenyewe, sawa. Kama inataka usajili na hamkusajili, kwa uhamiaji hamna ndoa, mna uhusiano. Ufaransa wao ya serikali lazima itangulie, na kiongozi wa dini anayezoea kufungisha kabla ya hiyo anavunja sheria.

La pili ndilo lenye miba. Ujumbe wa simu, au maneno mbele ya mashahidi, nchi nyingi haziuhesabu mpaka mamlaka fulani iandike. Akiolewa upya kabla ya hapo, ndoa ya pili inaweza kuwa batili, na kibali kilichojengwa juu yake kikaporomoka, hata ikipita miaka. Apate kwanza karatasi ya mahakama au ya mamlaka ya dini inayotambuliwa, ndipo mambo ya harusi yafuate.

Na karatasi hiyo ikivuka mpaka inataka muhuri. Nchi zilizo kwenye mkataba wa Hague wa 1961 wa kutambuana hati zinagonga muhuri mmoja wa apostili, imekwisha. China iliingia Novemba 2023, Canada Januari 2024. Nje ya mkataba huo ni msururu wa wizara na ubalozi. Ila muelewe, apostili inathibitisha saini na cheo cha aliyesaini, basi. Hati ya uongo yenye apostili bado ni ya uongo.

---

Mzee wa Faili

Mimi nilimdhamini mke kuingia Marekani, nikasaini I-864 (ile fomu ya kuiahidi serikali kwamba nitamtunza). Tumeachana, KWA KARATASI (Mkalimani umeona?). Mzigo nimeshautua?

---

Bwana Daftari

Hapana mzee wangu. Ile fomu ni mkataba kati yako na serikali, na talaka haiuvunji. Unaisha yeye akipata uraia, akihesabiwa robo mwaka 40 za kazi, akiondoka nchini na kuacha ukaazi, au mmoja wenu akifariki. Na yeye mwenyewe anaweza kukushtaki kudai matunzo uliyoahidi humo. Kama kwenye talaka mliandika hakuna matunzo, usidhani hilo limeifuta I-864. Kamwonyeshe wakili zote mbili.

---

Mzee wa Faili

Yule wakili wa talaka hakuniuliza hata kama nilidhamini.

---

Mkalimani wa Zamu

Ndiyo uzi wote huu mzee.

---

Dada wa Kwanza

Mkalimani, umeandika "mtoto wangu" nikashtuka. Marehemu dada aliniachia kijana, nimemlea tangu ana miezi 7. Sasa ana 13 na nataka anifuate. Nimwandike nani?

---

Mkalimani wa Zamu

Mwandike alivyo: mtoto wa dada yako, na wewe ndiye mlezi wake. Ukweli huo si dhaifu kama unavyodhani. Nenda na cheti cha kifo cha dada, cheti cha kuzaliwa cha kijana, na amri ya mahakama ya ulezi kama unayo. Kama huna, anza leo, maana umri unakimbia. Marekani kwa mfano kuasili kwa kawaida lazima kukamilike kabla ya miaka 16, na wanadai pia miaka 2 ya kukaa naye na kumlea kisheria. Kafala (ulezi wa mtoto kwa sheria ya Kiislamu) nayo watu wengi wanaitegemea. Mkataba wa Hague wa 1996 unaitaja kama namna ya kumlinda mtoto, lakini ofisi nyingi za uhamiaji haziifanyi sawa na kuasili. Muulize wakili kabla hujachagua njia.

---

Kigingi

Na sisi tusio na hela za hao mawakili? Maana kila jibu humu ni "nenda kwa wakili".

---

Shangazi Mtulivu

Mimi aliyenitoa shimoni hakunitoza. Ilikuwa kliniki ya sheria ya chuo kikuu: wanafunzi wanafanya kazi, profesa wao anasimamia. Walikuwa wapole na wanasoma kila karatasi mara mbili, kwa sababu wanapewa maksi. Wakimbizi waulizie ofisi ya UNHCR, wanajua mashirika ya msaada wa kisheria yaliyoko karibu. Msaada wa serikali upo lakini umepungua sehemu nyingi. Uingereza tangu 2013 kesi nyingi za ndoa na uhamiaji wa kawaida zilitolewa, ila aliyenyanyaswa kwenye ndoa akiwa na ushahidi bado anaweza kupata. Kwa hiyo barua ya daktari, namba ya ripoti ya polisi, ujumbe wa vitisho, usifute kitu.

Na ukienda, nenda na karatasi moja uliyoandika mwenyewe, tarehe kwa tarehe: niliingia lini, tulioana lini, watoto lini, alihama lini. Ile karatasi yangu ilikuwa kurasa 2 za daftari la shule. Yule mwanafunzi alisema imempunguzia kazi ya siku nzima.

---

Mkalimani wa Zamu

Hiyo karatasi iandike kwa Kiswahili, usijitutumue. Saa uziandike na "asubuhi" au "usiku", na aliye mtoto wa dada uandike mtoto wa dada. Mfasiri atajua la kufanya.

Ukipata barua ya kukataliwa, usilale nayo. Siku za rufaa zinahesabika, Uingereza ni 14 ukiwa ndani ya nchi. Nimeona bahasha imekaa juu ya friji wiki 3 kwa sababu mtu anaogopa kuifungua.

---

Nahodha wa Nchi Kavu

Nimeuza tiketi moja kwa nusu ya bei kwa kubadilisha jina. Ile ya mtoto imekufa. Jumatatu naonana na wakili.

---

MamaWawili

Nimerudi. Samahani kwa ukimya.

Nilipata wakili kupitia shirika la wanawake, bure. Alisoma ukurasa wa 3 akacheka kidogo, si kwa furaha. Akampigia mwenzake wa uhamiaji palepale, tukakaa watatu kwenye simu moja. Hati imerudishwa na marekebisho, tarehe imewekwa ya kweli, miezi 2. Wakili wa mume alijibu baada ya siku 4, amekubali tarehe ila mambo ya mali yanaendelea. Ombi langu la kibali cha kujitegemea linaingia kabla uhamiaji hawajaarifiwa na mtu mwingine, ndivyo walivyopanga.

Pasipoti zililetwa na shemeji usiku, kwenye mfuko wa plastiki, ya mtoto mdogo imekunjwa kona. Hakusema kitu, aliziweka mlangoni. Sasa ziko kwa jirani.

Kesho saa nne nina miadi ya alama za vidole. Saa nne ASUBUHI, Mkalimani.

---

Mkalimani wa Zamu

10:00. Nimeandika.